Upepo Ulipokata

Mdogo wangu ni mtu wa kishada, mimi ni mtu wa tanga. Mwaka wa 11 huu tunachezea ziwa moja. Yeye hujifunga kwenye kamba za mita 24, kishada kiko juu angani na ubao mdogo uko miguuni. Mimi husimama juu ya ubao wangu, tanga nimelishika mikononi. Wanaotutazama kutoka ufukweni huona mchezo mmoja wenye vifaa viwili, na siku za upepo wa kawaida hata mimi siwakatalii. Lakini dhoruba ikishuka, hii ni michezo miwili isiyofanana hata kidogo. Wiki tatu zilizopita nusura nimzike mdogo wangu kwa sababu hilo tulikuwa hatujalielewa vizuri, si yeye si mimi.

Nimekawia kuandika. Kila nilipokaa nilianza na yale mawimbi, nikaishia hapohapo. Basi leo pia nitaanza na mawimbi.

Aliyezoea bahari akija kwenye ziwa kubwa siku ya upepo mkali hupata tabu ambayo hakuitarajia. Wimbi la bahari mara nyingi limetoka mbali, limejinyoosha njiani. Likija kila baada ya sekunde 12, kutoka kilele hadi kilele pana mita 225 hivi, kwa hiyo unapanda, unashuka, unapata muda wa kujiweka sawa kabla ya jingine. Ziwani upepo unaokusukuma ndio huohuo uliolizaa wimbi, na umelizaa jana au leo asubuhi. Linakuja kila baada ya sekunde 4. Hapo kilele na kilele vinaachana mita 25 tu, na kama kimo chake ni mita moja na nusu, unakutana na ukuta, halafu shimo, halafu ukuta mwingine kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Pua ya ubao hujichimbia kwenye mgongo wa wimbi la mbele, nawe unarushwa kupita mlingoti. Nimewahi kupasuka mdomo kwa namna hiyo. Na maji yenyewe hayana chumvi, kwa hiyo yanakubeba pungufu kidogo: lita ya maji ya bahari ina gramu 1,025 hivi, ya ziwa ina 1,000. Mtu mwenye nguvu zake hataihisi tofauti hiyo. Mtu aliyechoka, anayejaribu kuweka kidevu juu ya maji, anaihisi sana.

Siku ile utabiri ulisema upepo wa kilomita 40 kwa saa kuanzia adhuhuri, na ngurumo jioni. Tulikubaliana kuingia majini saa nane na kutoka saa kumi, kabla ya ngurumo.

Nilifunga tanga la mita za mraba 4.7. Siku za upepo mkali hukaza kamba ya chini ya mlingoti kwa nguvu zangu zote, mguu mmoja nimeukita kwenye mlingoti wenyewe, mpaka ukingo wa juu wa tanga unalegea na kupepea kama sikio la tembo. Asiyejua atadhani nimelifunga ovyo. Ndivyo linavyotakiwa kuwa: kipigo cha upepo kikija, ule ukingo uliolegea unajifungua wenyewe na kuumwaga upepo wa ziada kwa nyuma, na mikono yako haipati habari. Napenda sana kazi hii ya kufunga tanga. Dakika kumi za kukaza na kulegeza ufukweni zinakuokolea saa nzima ya kupigana majini.

Mdogo wangu alikuwa anajaza upepo kishada chake cha mita za mraba 9.

"Chukua cha 7," nilimwambia.

"Dada, cha 7 kitanizamisha. Si unaona upepo ulivyotulia?"

Na kweli ulikuwa umetulia, maana yangu ulikuwa unavuma sawasawa, bila kurukaruka. Nikanyamaza. Sikupaswa kunyamaza, kwa sababu hesabu hii naijua kwa moyo: kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Kutoka kilomita 40 hadi 56 tu, ambapo kwa sikio unasikia upepo "umeongezeka kidogo", nguvu inayokuvuta imekaribia kuwa maradufu. Ukifika 80, kile kishada cha mita 9 kinakuvuta kana kwamba ni cha mita 36. Hakuna binadamu wa kukizuia.

Tukiwa tunaingia majini, mvuvi mmoja mzee alikuwa anavuta mtumbwi wake juu, mbali kuliko kawaida, akauweka nyuma ya vichaka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, wanangu. Ile kule mnaiona?" Alielekeza kidevu upande wa maji. Mbali sana, chini ya mawingu meupe, palikuwa na ukanda mweusi, mwembamba kama ukingo wa rafu. "Msiiangalie sana. Sikilizeni upepo. Ukikata tu, mrudi. Msingoje kuona kitu."

Tulimshukuru na tukaenda.

Saa ya kwanza ilikuwa miongoni mwa saa nzuri nilizowahi kupata. Mkanda wa kiunoni umenasa kwenye kamba ya tanga, miguu yote miwili iko kwenye vishikizo, pezi linaimba chini ya ubao. Nilikuwa napita kati ya mawimbi kwa mshazari, nikitafuta yale mabonde marefu kidogo ambamo ubao unaweza kukimbia bila kugonga. Mdogo wangu alikuwa mbele yangu akiruka. Anaruka vizuri yule kijana. Anakipeleka kishada juu ya kichwa, anaacha maji, anatulia angani kama mtu aliyekaa kitini, kisha anakishusha kishada na kutua taratibu. Nilikuwa namtazama, na ule ukanda mweusi nikausahau.

Nikiwa mita 600 hivi kutoka ufukweni, tanga likawa zito. Tanga lenye upepo ni jepesi, linajibeba lenyewe na wewe linakubeba. Mara likaniangukia mikononi kama nguo iliyolowa, ubao ukazama mpaka maji yakanifika magotini, na kelele zote za upepo zikaondoka. Nilisikia maji yakigonga ubao. Nilisikia pumzi yangu. Mawimbi yalikuwa bado yanakuja, makubwa kama mwanzo, lakini yamepoteza bwana wao, yanagongana hovyo. Halafu hewa ya baridi ikanipita shingoni ikiwa na harufu ya mvua.

Wingu la radi linafanya kazi namna hii. Linapokua linavuta hewa ya joto kutoka chini. Mvua ikianza kunyesha ndani yake, hewa iliyopozwa inakuwa nzito na kuporomoka pamoja na mvua, na ikigonga uso wa maji haina pa kwenda ila pembeni. Inasambaa kwa kasi kuelekea pande zote, ikitangulia mvua yenyewe, wakati mwingine kwa kilomita kumi na zaidi. Ule utulivu ni mahali ambapo upepo wa zamani na huu mpya vinakutana na kufutana. Kwa hiyo mtu wa majini anayesema "afadhali, umetulia" yuko kwenye mlango wa dhoruba yenyewe. Yule mzee hakuhitaji maelezo yote haya. Alituambia neno moja, ukikata.

Nikageuka kumtafuta mdogo wangu. Alikuwa mita 300 zaidi ndani, amezama mpaka kifuani, na alikuwa anafanya jambo ambalo kila mtu wa kishada hulifanya upepo ukikata: anakivuta kishada kwenda juu kabisa ya kichwa ili kisianguke. Nilimpigia kelele. Nyuma yake, mstari mweupe ulikuwa unakuja juu ya maji, kama vile mtu anavuta shuka.

Nililiachia tanga. Likaanguka majini, nikalala kifudifudi juu ya ubao na kushika vishikizo vya miguu. Basi. Sikufanya kingine. Upepo ulipofika ulinipita juu ya mgongo, ukang'oa maji na kunipiga nayo kama changarawe. Tanga lilikuwa limelala, limejaa maji juu yake, limekuwa nanga. Ubao ukageuka wenyewe ukatazama upepo na kutulia hivyo, unapanda na kushuka. Nilikuwa na hofu, lakini hakuna kilichonivuta.

Mdogo wangu, yeye, alinyanyuliwa.

Nilimwona akitoka majini, wima, bila ubao, na akaendelea kupanda. Labda mita sita, labda nane. Kisha kishada kikazunguka na kumtupa upande wa kule upepo unakokwenda, akapiga maji kwa ubavu, akanyanyuliwa tena. Mara ya pili sikumwona alipoangukia kwa sababu mvua ilikuwa imefika na dunia ikafungwa.

Kilichotokea mikononi mwake nimekisikia kutoka kwake baadaye, usiku, akikirudia mara nyingi. Mpini wa kishada ukiuvuta kwako, kishada kinakula upepo zaidi. Ukiuachia uende, kinapungua nguvu. Lakini mtu anayerushwa angani hukamata alichonacho mkononi na kukivuta kifuani, mtoto mchanga hufanya hivyo, na ndivyo alivyofanya. Kadiri alivyoogopa ndivyo alivyovuta, na kadiri alivyovuta ndivyo kilivyomnyanyua. Mbele ya kitovu, pale kamba zinapokutana na kulabu ya mkanda, pana kifyatuo chekundu, kizito kama kipande cha muhogo. Unakishika na kukisukuma mbele, mbali na mwili, na kila kitu kinaachia: kishada kinabaki kwenye kamba moja tu ya usalama, kinapoteza umbo na kupeperuka kama bendera. Kazi ya nusu sekunde. Anasema alijua kilipo, alikuwa anakiona, lakini vidole vilikataa kuuacha mpini. Mahali alipojifunzia walimwonyesha kifyatuo kile mara moja tu, nchi kavu, kamba zikiwa zimelegea. Mkono wake haukuwa umewahi kukifanyia kazi hata siku moja kikiwa kimebeba uzito. Alipopiga maji mara ya tatu mkono mmoja ulibanduka kwa kishindo, na ule mkono uliobanduka ndio uliokisukuma.

Ninapofikiria jambo hili hurudi kwenye namna vifaa hivi vilivyobuniwa. Ubao wa tanga kama tunavyoujua ulitoka kwa Jim Drake na Hoyle Schweitzer, Wamarekani walioomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi wao, mwaka 1968, na kiini chake ni kile kifundo kinachounganisha mlingoti na ubao, kinachouacha mlingoti ulale upande wowote. Tanga lile halisimami bila mtu. Ukiliacha, linaanguka, na ndivyo lilivyokusudiwa. Kishada cha majini kina historia nyingine. Bruno na Dominique Legaignoux, ndugu wawili wa Ufaransa, waliomba hataza yao mwaka 1984 kwa kishada chenye kingo za kujazwa hewa, na shida waliyokuwa wanaitatua ni kishada kuanguka majini na kushindwa kupaa tena. Wakaitatua. Kishada cha mdogo wangu kinaelea, na kikiguswa na upepo kidogo kinataka kuruka. Uzuri wake wote uko hapo. Ndani ya dhoruba, ukiliacha tanga limekufa, lakini kishada kinaendelea kuishi bila ruhusa yako.

Mwanga wa kwanza wa radi nilihesabu hadi sita kabla ya kusikia ngurumo. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi, kwa hiyo kilomita 2. Kanuni ni kwamba ukihesabu chini ya 30 hupaswi kuwa majini kabisa, na usirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mimi nilikuwa majini, nimelala pembeni ya mlingoti wa kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Nilishukuru mlingoti ulikuwa umelala. Hakukuwa na la kufanya zaidi ya kushukuru.

Kishindo cha kwanza kilipopungua, baada ya dakika kumi na tano hivi, nilimwona. Alikuwa mbali kunizidi, upande unakokwenda upepo, jaketi okozi lake la rangi ya machungwa likionekana kila alipopanda wimbi. Kishada kilikuwa kimelala majini lakini kinajitingisha, kinamvuta kwa ile kamba moja. Nililiinua tanga nusu tu, nikiwa bado ndani ya maji, nikaacha upepo uniburute kumfuata. Nilianguka sijui mara ngapi. Nilipomfikia midomo yake ilikuwa ya buluu na hakuweza kutamka jina langu vizuri.

"Kikate," nilimwambia.

"Dada, ni kishada changu."

"Kikate, mwanangu." Ni mdogo wangu, lakini neno lililotoka ni hilo.

Akaifyatua kamba ya usalama. Kishada kikaruka palepale, kikajaa umbo, kikaenda na mpini ukiruka juu ya mawimbi nyuma yake kama kitu kinachofukuzwa. Sijawahi kuona kitu cha kutisha kama kile kishada kisicho na mtu.

Tuliushika ubao wangu wote wawili, yeye kifua juu, mimi ubavuni nikiwa na mkono mmoja kwenye kishikizo na mwingine kwenye mkanda wake. Ubao hauachwi. Hata ufukwe ukionekana karibu, hata ukijiona hodari wa kuogelea, ubao unaelea na wewe umechoka, na maji yanakunyang'anya joto kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa. Upepo mpya ulikuwa umegeuka na kuelekea nchi kavu kwa mshazari. Ungekuwa umegeuka upande wa pili, unatoka nchi kavu kwenda ndani, nisingekuwa naandika. Ulitutupa mahali ambapo sijawahi kushukia, kilomita 2 kutoka tulipoanzia, na maji yalikuwa yamepanda mpaka ndani ya vichaka. Tulitoka tukitambaa kati ya matawi.

Kesho yake asubuhi nilirudi palepale kutafuta ubao wa mdogo wangu, na nikakuta mawe makubwa, meusi, yamejaa kati ya vile vichaka na maji. Jana yake yote yalikuwa chini yetu. Upepo wa dhoruba hulisukuma ziwa na kulirundika upande mmoja, na ukikoma maji hurudi, kisha yanakwenda na kurudi kama kwenye beseni lililotikiswa. François-Alphonse Forel alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi kwenye Ziwa Geneva katika karne ya 19. Ziwa Erie, ambalo ni refu na lenye kina kifupi, limewahi kutofautiana zaidi ya mita 2 kati ya ncha zake mbili. Kwa hiyo ufuko unaoujua siku ya shwari si huo utakaoukuta ukirudi na dhoruba mgongoni. Tungefika pale saa chache baadaye, wimbi lingetupiga kwenye yale mawe.

Kishada tulikikuta siku ya tatu, kimenasa mtini, mita 400 ndani ya nchi kavu. Kimechanika kutoka ukingo hadi ukingo. Mdogo wangu alikikunja bila kusema neno.

Tumekubaliana jambo, na nimemtaka aniahidi kwa sauti. Siku ambayo mawingu yanajenga minara, kishada kinabaki nyumbani, chochote kinachosemwa na utabiri. Akitaka kuingia majini ataingia na tanga langu la zamani, na atabaki karibu kiasi cha kusikia nikimwita. Ameanza kujifunza. Mgongo unamuuma na anaona aibu mbele ya vijana wenzake wa kishada, lakini anakuja.

Na kila jioni, kabla ya kutoka majini, tunafanya zoezi lile ambalo hakuwahi kufanyishwa. Maji yanamfika kiunoni, amevaa mkanda wake, kulabu imefungwa kwenye kamba, na mimi niko upande wa pili wa ile kamba, nyuma ya mgongo wake asinione. Sisemi chochote. Navuta ghafla kwa uzito wangu wote, na yeye anatakiwa kufyatua. Siku ya kwanza nilimburuta hatua tano nzima, ameukumbatia mpini. Jana kamba iliniachia mikononi kabla sijamaliza kuvuta, nikaanguka chali majini, na nilipoibuka alikuwa ananitazama, mkono wake bado uko mbele, wazi.

"Tena, dada," akasema. Nikaifunga kamba upya.